Baba, Nimefunga Pedi za Chuma

Baba,

Nimefunga pedi za breki za dukani. Umesikia vizuri. Za dukani, za chuma, mpya, zimetoka Nairobi ndani ya boksi lake, na nimezifunga kwa mikono yangu kwenye pikipiki yako. Kama unataka kukasirika, kasirika. Hali yako siulizi kwa sababu naijua. Mimi ndiye nilikuchagulia suti ya mwisho, ile ya kijivu. Mama akasema tai nyekundu ungeikataa, nikawaambia watu wa mochari wakufunge hiyo hiyo nyekundu.

Ni miezi mitano sasa. Najua unataka habari za ng'ombe kwanza, basi acha nizimalize. Simu yako iko kwangu na bado inalia. Wengine hawajasikia. Wengine walikuja hata mazishini, wakala wali, lakini ng'ombe akionyesha joto la kutaka dume asubuhi, mtu anabonyeza tu ile namba aliyoizoea. "Daktari yuko?" Nasema Daktari hayuko, ni Cherono, binti yake, naja saa tisa. Halafu mtu anauliza kama hakuna mwanaume wa kutuma. Nawaambia ng'ombe hajauliza hilo swali. Wanacheka, wanakubali. Yule ng'ombe Ayrshire wa mwalimu mstaafu, aliyekushinda mara tatu ukasema ni tasa, nimempandisha mara moja na ameshika mimba. Hapo nimekushinda, Baba, na nimewaambia watu.

Lakini miezi hiyo yote nimekuwa nikienda kwa boda, mtungi wa mbegu za fahali zilizogandishwa ukiwa mapajani. Wewe unajua barabara zetu. Mvua ikianza, kijana wa boda anasimama chini ya paa la duka na hatoki hapo hata umwambie nini. Mara mbili nimefika joto la ng'ombe limeisha, na mwenyewe ananiangalia tu. Mwingine aliniambia kwa upole kabisa kwamba kuna jamaa mpya upande wa Sotik, ana pikipiki yake mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Nilikuwa na pikipiki. Ilikuwa stoo, imefunikwa na nailoni, imefungwa mnyororo, na ufunguo wa kufuli alikuwa nao Baba Mdogo.

Ndugu yako aliifunga siku ya pili baada ya kukuzika. Alisimama pale uani mbele ya wazee wa kanisa, akasema, "Hiyo kitu imekula ndugu yangu. Haitaona barabara tena." Watu wote wakaitikia. Na mimi nilikuwa pale, nimeshika trei ya vikombe, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu wewe uliniambia ninyamaze.

Sasa acha niandike vile ilikuwa, maana wewe hukutaka isemwe.

Pedi za mbele zilikuwa zimeisha. Kwa miaka yote hiyo hukuwahi kununua pedi ya breki. "Ninunue ya nini, na lori za majani ya chai zipo?" Ulikuwa unachukua kwa Fundi Nyakundi, kule Chepilat, vipande vya ile ngozi ngumu ya breki za lori. Unakata kwa msumeno wa chuma, unabandika kwa gundi kwenye kibati cha pedi ya zamani, unabana kwenye jiriwa. Gundi inakaa siku nzima bila kuguswa. Kesho yake unapasha kwenye jiko taratibu, ndipo unafunga. Ulijivunia hizo pedi. Ulikuwa unawaonyesha wageni kabla hawajapewa chai. Na nikubali tu, zilikuwa zinashika, kwa sababu ulikuwa unangoja siku nzima.

Asubuhi ile tulibandika pamoja, barazani. Mimi nilishika, wewe ukakaza jiriwa. Saa saba simu ikalia, Mama Faith wa kule chini, ng'ombe wake ameanza kulia na kupandana tangu alfajiri. Nikakwambia Baba, gundi bado. Nikakwambia chukua boda. Ukasema pikipiki za siku hizi zitamwaga mtungi wako. Nikakwambia tena, gundi bado, haijafika hata nusu siku. Ukacheka. Ukasema, "Ng'ombe hangoji gundi, Cherono. Lete spana."

Nikaleta spana.

Hapo ndipo nimekwama kwa miezi mitano. Sikuleta tu. Mgongo ulikuwa unakusumbua, kuinama huwezi, kwa hivyo mimi ndiye nilipiga magoti nikaziingiza zile pedi na kukaza bolti. Nilizikaza vizuri vile ulinifundisha. Kitu nilichojua kwamba si kizuri, nilikifunga vizuri.

Wewe, Baba! Wewe uliyekuwa ukiyeyusha mbegu kwenye maji ya uvuguvugu huku umeangalia saa, na mkulima akisema inatosha unamwambia bado sekunde kumi. Uliyewaambia wakulima wa Bureti nzima kwamba haraka inaua mbegu. Ulishindwa kungoja gundi ikauke. Mpaka leo nikikumbuka nataka kutupa kitu ukutani.

Mvua ilikukuta kwenye mteremko wa chini ya kituo cha majani. Wachumaji waliokuwa wakingoja kupimiwa walikuona ukipita mbio, mguu chini, unapiga kelele watu watoke njiani, halafu ukaingia mtaroni. Nilipofika walikuwa wamekufunika na gunia la majani na umekasirika nao, unawauliza kama mtungi umemwagika. Nyonga ilikuwa imevunjika na wewe unauliza mtungi. Nikainua pikipiki. Pedi moja ilikuwa kibati kitupu. Ile ngozi ya lori ilikuwa imechomoka yote, gundi imebaki imeganda pale kama ukoko wa uji. Nilikichomoa kile kibati nikakitia mfukoni kabla mtu hajaona.

Wodini, siku ya pili, ulinishika mkono ukaniambia, "Usimwambie mtu. Sema ni mvua." Nikasema sawa, Baba. Nilidhani utapona, halafu tutagombana vizuri nyumbani. Siku ya tisa damu iliganda ikaenda kwenye mapafu, ukatuacha, na watu wakaanza kufika. Kila aliyefika alikuwa anauliza ilikuwaje. Nikasema ni mvua. Nikamwambia Baba Mdogo, nikamwambia mchungaji, nikamwambia Mama. Nilisema mara nyingi mpaka mdomo ukazoea.

Basi. Baada ya yule mkulima kunitajia jamaa wa Sotik, niliamua. Nilichukua kile kibati, nikapanda gari mpaka Chepilat kwa Nyakundi. Nilikiweka juu ya meza yake. Akakigeuza, akakwaruza gundi kwa ukucha, akainusa. "Hii haikukauka," akasema. Nikamwambia ndio. Alichukua kitambaa akafuta mikono kwa muda mrefu sana, na mikono yenyewe haikuwa na grisi.

Kisha akafungua droo kutafuta kipande kingine cha ngozi ya lori. Akasema atanibandikia mwenyewe, nitarudi baada ya siku mbili, itashika vizuri tu. Ni kweli ingeshika. Huyo mtu anajua kazi yake. Lakini nilimwambia hapana. Nilimwambia sitaki tena kitu kinachonitegemea mimi kuwa na subira, kwa sababu siku moja simu italia na mimi ni mtoto wa baba yangu. Alicheka mpaka akakohoa.

Kupata za dukani nayo ikawa kazi. Niliweka kile kibati juu ya kipande cha karatasi ya unga, nikachora umbo lake kwa kalamu, tundu na masikio yake, nikaenda nalo Bomet. Duka la kwanza wakaniambia pikipiki hiyo ilikufa zamani. La pili wakanitolea pedi za boda za kisasa, zinafanana kabisa ukiangalia haraka, lakini sikio moja limezidi. "Piga faili kidogo, itaingia." Nikauliza, na ikitoka? Yule jamaa akaniambia dada, unapenda maneno. Nikamwambia ndio, napenda, na nikaondoka na karatasi yangu.

Duka la tatu kulikuwa na mama mmoja mnene, miwani imening'inia shingoni. Alichukua ile karatasi, akaipima kwa macho, akaandika vipimo, akapiga simu Nairobi papo hapo. Akaniambia zipo, ila ni aina mbili, niamue. Nikampigia Nyakundi nikiwa palepale kaunta, nikaweka sauti ya juu ili yule mama pia asikie. Nyakundi akaeleza. Kuna zile nyeusi, laini, hazikwaruzi diski hata kidogo, ni kama zile zako. Lakini diski ya pikipiki yetu ikilowa inateleza, na hizo nyeusi zikilowa zinachelewa kushika. Unabonyeza, unahesabu moja, mbili, ndipo zinashika. Halafu kuna za chuma, za rangi ya shaba. Hizo zinashika hata kwa maji, papo hapo, ila zinakula diski. "Na hiyo diski, Cherono, haipatikani tena. Babako aliitunza kama jicho. Ukiweka chuma, miaka michache itakuwa nyembamba kama sahani."

Nilisimama pale, Baba, na nilikusikia. Nilikusikia kabisa ukisema weka nyeusi. Ulikuwa unaipangusa ile diski kila Jumamosi jioni kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, unaipitisha kidole, unaniita nione haina hata mstari mmoja. Ilitengenezwa kabla sijazaliwa na uliniambia itanizika. Yule mama wa duka akaniuliza, "Kwenu mvua ni nyingi?" Nikamwambia kwetu kiangazi kikiisha mvua ni kila siku, mchana. Akanitazama juu ya miwani. "Sasa unatunza diski ya nani?"

Nikasema lete za chuma.

Zilifika Jumamosi na gari la asubuhi. Narudi nazo nyumbani, nakuta pikapu ya mtu wa vyuma vikuukuu imesimama uani. Baba Mdogo alikuwa amefungua stoo. Mnyororo ulikuwa chini, nailoni imekunjwa, na wanaume wawili wanajaribu kuinyanyua kwa usukani. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi na mikono imelala mapajani, haangalii. Nikapiga kelele waiweke chini. Sikujua nina sauti ya namna hiyo. Mbwa alikimbia.

Baba Mdogo akauliza nimebeba nini. Nikasema pedi za breki. Akasema za nini, na pikipiki inaenda kukatwa? Ile kitu ina damu, Cherono, wewe ni mtoto, hujui. Hapo nikavunja ahadi yako. Nilienda chumbani, nikaleta kile kibati, nikamwekea mkononi. Nikasema pikipiki haijakula mtu. Nikasema ilikuwa gundi, haikukauka, Baba alijua na mimi nilijua. Nikasema mimi ndiye nilikaza bolti. Nikalisema hilo la mwisho nikimwangalia Mama, kwa sababu yeye ndiye nilikuwa namwogopa.

Mama akainua kichwa. "Si mvua?"

Nikasema si mvua, Mama. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini hata jua lingekuwa kali, breki haikuwepo.

Akauliza tena. "Si mvua?" Nikasema hapana. Akauliza mara ya tatu, na sauti ikavunjika katikati. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliomba hiyo mvua."

Wewe hukujua, Baba. Ulikuwa Litein Jumapili ile kabla ya ajali, kwa harusi ya mtoto wa rafiki yako. Kiangazi kilikuwa kimechoma majani, na Mama alisimama kanisani akawaomba wamama wapige magoti pamoja naye waombe mvua. Walipiga magoti. Jumanne mvua ikaja, ya kwanza, na ikakukuta kwenye mteremko. Hivyo ndivyo alivyokuwa anahesabu. Miezi mitano Mama hajaomba kwa sauti, hata kwa chakula, anainamisha kichwa tu na kunyamaza, na mimi nilidhani ni huzuni. Nilikuwa nakaa naye meza moja nikila ugali, na jibu liko mfukoni mwa koti langu la mvua.

Ulitaka watu wasijue Daktari alikuwa na haraka. Ni hilo tu. Na sisi wawili tukamlipisha Mama.

Nilianza kulia nikamwambia nisamehe, nilijua gundi haijakauka, nilimwambia Baba mara mbili na bado nikaleta spana. Mama akajifuta macho kwa kanga, akaniuliza, "Na angekusikia?" Akamgeukia Baba Mdogo. "Huyu mtu, aliwahi kusikia nani?" Baba Mdogo alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Alianza kucheka kwa pua, halafu Mama akacheka, na mimi nikacheka na makamasi yangu, tumesimama uani tunakucheka, na mtu wa vyuma vikuukuu anatuangalia hajui kama aondoke. Alipoondoka hakuna aliyemwambia kwaheri.

Baba Mdogo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniangalia nikifunga. Alisoma maandishi yote kwenye boksi, pamoja na yale asiyoelewa. Nilisukuma pistoni ndani, nikapaka grisi kwenye pini, nikaziingiza. Ziliingia zenyewe, bila faili na bila nyundo. Akaniambia nikaze tena. Nikakaza tena. Usiku huo Mama aliomba kwa ajili ya chakula, kwa sauti, maombi marefu mpaka ugali ukapoa.

Jana nimeenda kuijaribu. Kulikuwa na ng'ombe wa kupandisha, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mashamba. Ningeweza kupita njia ya juu. Nilipita mteremko wako. Nilipita makusudi, saa ile ile, na mvua ikanipata nikiwa katikati, ile ya kwetu inayopiga kofia mpaka husikii injini. Wachumaji walikuwa wanangoja kupimiwa. Mmoja aliniona akaweka mkono mdomoni. Nikabonyeza breki.

Ilishika, Baba. Bila kuhesabu moja, mbili. Ilishika kwa mlio mbaya, wa chuma kwa chuma, ungeziba masikio. Nikasimama katikati ya barabara, mtungi uko salama mgongoni. Nilikaa pale dakika nzima mvua ikininyeshea. Nilikuita. Nilikutukana kidogo pia, si matusi makubwa. Kisha nikaenda kumpandisha ng'ombe wa watu, na mwenye ng'ombe akaniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia ni barabara.

Leo asubuhi nimeangalia diski. Imeshapata mstari. Mmoja mrefu, unauona hata bila miwani. Nilitarajia nitaumia nikiuona, na nimeumia. Lakini sitaiondoa hiyo pedi. Acha iile. Ulitunza diski, hukujitunza wewe, na mimi ningependa uniachie diski iliyoisha na baba anayelalamika barazani. Ikiisha kabisa nitatafuta nyingine, na kama haipo, pikipiki itasimama na mimi nitanunua hizo za kisasa unazozidharau. Najua unachemka huko.

Nimekusamehe kuanguka. Nimekusamehe hata kutosikia, maana hiyo ni tabia yako na tulikupenda nayo. Kuhusu Mama, bado. Nipe muda, najaribu kukusamehe kidogo kidogo nikichuma majani, siku nyingine moyo unakubali, siku nyingine unakataa. Na mimi mwenyewe pia bado sijajisamehe ile spana, kwa hivyo tuko wawili tunangoja.

Kongoi, asante kwa kazi. Kongoi kwa kunifundisha kushika mkia wa ng'ombe nikiwa msichana wa shule wakati watu wanakucheka. Saisere, kwaheri, Baba. Lala vizuri na tai yako nyekundu.

Ninakuahidi jambo moja. Kila siku nitatoka na hiyo pikipiki, na kila siku kabla sijatoka nitamwambia Mama ukweli: breki iko vipi, tairi iko vipi, na mimi niko vipi. Na ikitokea nimeanguka, atasikia kutoka kwangu ni nini kilichoniangusha, hata kama ni mimi.

Binti yako,
Cherono